Usingoje Kuguswa Ndipo Utunge

Tumsifu Yesu Kristo. Na ninyi msio wa kanisa langu, za siku nyingi?

Tangu ile video ya kwaya yangu tukiimba wimbo wangu makaburini Igoma, hapa Mwanza, ianze kuzunguka kwenye makundi ya kwaya, simu yangu haipoi. Wengi wanaomba nota. Wengine wananitumia nyimbo zao nizisikilize niwaambie ukweli, na nikiwaambia ukweli wananuna. Lakini ujumbe ulionikalisha chini niandike haya haukutoka kwa mwanakwaya. Umetoka kwa kijana mmoja wa Sengerema, mchoraji wa mabango na kuta za maduka. Nimemwomba ruhusa niuweke hapa bila jina lake:

"Shikamoo mwalimu. Nimesikiliza wimbo wenu nikalia, na mimi si mtu wa kulia. Nilipokuwa sekondari nilikuwa nachora sana picha za kanisani. Siku hizi nachora vichwa vya vinyozi, masufuria ya mama lishe, na matangazo ya mitandao ya simu. Misa naenda, ila sisikii kitu. Nikipiga magoti maneno hayaji. Nilijiambia nikiguswa tena nitarudi kuchora picha za Mungu, naona miaka inaenda tu. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Nitakujibu, ila nitazunguka kidogo, maana jibu lenyewe limo ndani ya mambo yaliyonipata na sina njia ya mkato ya kulifikia.

Aliyenifundisha kusoma nota ni baba yangu mdogo. Hakuwa msomi. Alikuwa anafanya biashara ya vitenge kati ya Mwanza na Bukoba, na Jumapili anaimba besi. Jioni alikuwa anaandika solfa, yaani nota za herufi, kwa chaki kwenye sakafu ya saruji, d r m f s l t, halafu ananiambia niruke kutoka herufi hadi herufi huku naimba: toka do mpaka so, rudi mi, panda la. Ukitoa sauti isiyo yake unarudi mwanzo. Mimi nilijua ni mchezo, kama rede. Nimekuja kusoma ukubwani kwamba mfumo huu, ulioletwa na wamisionari na ambao mpaka leo walimu wengi wa kwaya Tanzania wanauelewa kuliko ile mistari mitano, ulienezwa karne ya 19 na mchungaji mmoja Mwingereza, John Curwen, na kwamba msingi wake aliuchukua kwa mwalimu mwanamke wa mji wa Norwich, Sarah Glover. Hili nimeliweka makusudi kwa ajili ya akina kaka mnaosema mwanamke hawezi kusimama mbele ya besi.

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imeshakaribia kufika Mwanza. Aliyekuwepo mjini siku zile hahitaji kusimuliwa, na ambaye hakuwa amezaliwa amesimuliwa vya kutosha nyumbani kwao. Walikufa mamia. Baba mdogo alikuwemo. Watu wengi wa meli ile walizikwa Igoma, na sisi tukienda kumwombea tunakwenda huko huko, ingawa hakuna wa kwetu aliyepata kuutambua mwili wake. Nilikuwa darasa la tano. Nyumbani hakuna aliyefuta zile herufi za chaki sakafuni. Zilifutika zenyewe kwa nyayo na ufagio.

Miaka iliyofuata nairuka, haina mafundisho: shule, cherehani, ndoa, watoto. Mpaka leo mimi ni fundi cherehani, nina chumba cha kazi Kirumba, si mbali sana na soko la samaki la Mwaloni, kiasi kwamba upepo ukigeuka wateja wangu wanapima magauni katikati ya harufu ya dagaa. Na jioni nafundisha kwaya.

Ninachotaka ujue, kijana, ni kwamba nimefundisha kwaya muda mrefu nikiwa mkavu kuliko wewe. Nilisimama mbele ya watu nikiongoza Utukufu, wenzangu wamefumba macho, wengine machozi yanawatoka, na mimi nahesabu moja mbili tatu nne nikimtazama yule wa sauti ya pili anayependa kuwahi. Usiku nasali Baba Yetu mpaka mwisho na sijui nimepitaje katikati. Anayepakulia watu chakula anaweza kulala njaa na hakuna atakayemshuku, maana mkononi kashika mwiko.

Nikamweleza katekista wetu mmoja wa zamani, ambaye sasa ni marehemu. Nilitegemea aniambie nifunge, au niende hija. Alikuwa anajaza daftari la ubatizo na hakuinua hata kichwa. Akaniuliza zaburi ziko ngapi. Nikamwambia mia na hamsini. Akasema, "Sasa wewe maneno yako unayatafutia nini? Chukua humo." Nikamuuliza, nikichukua nifanye nini? "Si mwalimu wa kwaya wewe?" Basi. Akaendelea kuandika majina ya watoto. Niliondoka nimekasirika, nikiona amenijibu kama mtu aliyeuliza saa.

Nilichukua Zaburi ya 130, ile tunayoisali misibani, inayoanza na mtu anayemlilia Bwana toka vilindini. Sitaeleza kwa nini niliichukua hiyo. Mtu wa ziwani ataelewa.

Sasa hapa naomba wale wasiopenda mambo ya ufundi wanivumilie, maana ndipo penyewe.

Kila mzungumzaji wa Kiswahili, hata asiyejua kusoma, anajua mkazo unakaa wapi: silabi ya pili kutoka mwisho. Vi-li-NDI-ni. BWA-na. U-tu-hu-ru-MI-e. Nyimbo nyingi tulizorithi zilitungwa kwa lugha za Ulaya, na kule mstari wa shairi mara nyingi unaishia kwenye silabi yenye mkazo, kwa hiyo na muziki unaweka pigo zito pale mwisho. Ukichukua muziki huo ukaupachika Kiswahili, pigo zito linaangukia silabi dhaifu. Watu wanaimba Bwa-NA. Wanaimba Mu-NGU. Tumezoea mpaka masikio yamekufa ganzi, na watunzi wetu wenyewe, wanaotunga upya kabisa bila kutafsiri chochote, wanaiga kosa lile lile wakidhani ndivyo wimbo wa kanisa unavyopaswa kusikika. Lakini niambie, umewahi kumsikia mtoto anayemwita baba yake ba-BA? Akiumia akakimbilia mlangoni, anamwitaje?

Kwa hiyo nikakaa na neno moja. Vilindini. Nilitaka sauti ishuke kwa silabi mbili za kwanza, itue chini kabisa kwenye NDI, ikae hapo, halafu NI iachiwe nyepesi tu, kama pumzi inayobaki. Rahisi kusema. Nikitua kwenye so ya chini, sauti ya kwanza wanaisha, hawasikiki. Nikipandisha wimbo mzima, besi wanaacha kuwa vilindini wanakuwa juu ya meza. Nikahamisha, nikarudisha. Hapo nilikuwa najibu wateja, nakata kitambaa, napasi kola, na kichwani vilindini, vilindini. Mama mmoja kaniuliza gauni lake la kipaimara cha binti litakuwa tayari lini, nikamjibu kwa solfa.

Sikuguswa. Nalisema hili wazi kwa sababu ndilo watu hawapendi kulisikia kwa mtunzi. Hakuna usiku nilioamshwa, hakuna sauti niliyoisikia, wala machozi. Kulikuwa na kazi ngumu ya silabi nne. Lakini katika kufanya ile kazi nilikuwa nasema maneno ya sala siku nzima, kwa uangalifu ambao sijawahi kuwa nao nikiwa nimepiga magoti, kwa sababu nikipiga magoti hakuna anayenisahihisha, na wimbo unakusahihisha. Neno likikaa vibaya unalisikia. Unarudi. Unalisema tena. Ukilisema mara nyingi hivyo ukitafuta namna ya kulisema kwa haki, linaanza kuwa lako hata kama ulilikopa.

Jirani na chumba changu kuna madrasa. Nimewasikiliza wale watoto miaka na miaka huku nashona. Ustadhi hamwachi mtoto apite herufi aliyoitoa mahali sipo; anamrudisha, anamrudisha tena, mpaka itoke pale kooni au kwenye ulimi inapopaswa kutoka, na vokali irefushwe kwa kipimo chake. Wenyewe hawauiti muziki usomaji wa Qurani, na wana sababu zao ninazoziheshimu. Kaswida na dufu ni jambo lingine kwao. Lakini hakuna mtu anayemngoja yule mtoto wa miaka saba aguswe kwanza. Anafundishwa kutamka. Mengine yatamkuta njiani akiwa na kitu mdomoni.

Kwaya yangu waliuchukia wimbo mwanzoni, nisifiche. Wakasema ni mzito. Tatizo lingine, besi. Nina wawili tu wanaofika ile so ya chini bila kukoroma, na wote ni wavuvi wa dagaa. Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukipevuka taa hazina maana, wavuvi wanapumzika. Kwa hiyo mazoezi yangu kamili yanafuata kalenda ya mwezi, na wiki zile nyingine tunaimba wimbo wenye kilindi kisichokuwa na mtu ndani. Waliokuja kuupenda kwanza ni hao hao wavuvi. Mmoja aliniambia, mwalimu, hapa kwenye NDI usitukatishe haraka, acha tukae. Nikaongeza pigo mbili. Ndiyo hayo mnayoyasikia kwenye video na kuyasifu; si yangu, ni ya mvuvi.

Halafu nikaupeleka wimbo ukaguliwe.

Kwa wasiojua, kwetu Wakatoliki wimbo wa kuimbwa kwenye Misa hautungwi Jumatano ukaimbwa Jumapili. Unapitiwa maneno yake na muziki wake, unatafutiwa ithibati. Utaratibu huo nauunga mkono. Nimesikia nyimbo za watu zenye teolojia ya kutisha, mpaka unajiuliza Yesu aliyetajwa humo ni yupi. Sitaitaja kamati wala parokia, na tafadhali msikisie kwenye maoni.

Walinipa hoja mbili. Ya kwanza, wimbo hauna tumaini, haufiki kwenye furaha. Nimeishia pale mwimbaji anapomngoja Bwana kuliko walinzi wanavyoingoja asubuhi, na asubuhi yenyewe siioneshi. Nimalizie na Aleluya. Ya pili, ile sauti ya kiitikio ina harufu ya shamba. Hapo walisikia sawasawa, kwa sababu mwendo wake niliutoa kwa bibi yangu mzaa baba, aliyekuwa anauimba kwenye kulima, wanawake wamejipanga mstari na majembe yanashuka pamoja. Wakasema hayo ni mambo ya ngoma.

Kwenye hoja ya kwanza niliwaambia wafungue Zaburi ya 88. Inaanza kwa kilio, katikati ni kilio, na neno lake la mwisho kwenye Biblia yetu ya Kiswahili ni "gizani". Haina Aleluya. Na imo ndani ya Maandiko Matakatifu, hakuna kamati iliyoirudisha. Kwenye ya pili niliwakumbusha kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwenye hati yake ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulisema muziki wa mataifa yenye mapokeo yake upewe heshima na nafasi katika ibada. Hiyo ni kabla wengi wetu hatujazaliwa. Wakanisikiliza. Kisha mjumbe mmoja akasema, mbele ya watu wote, kwamba mwanamke akiachiwa nota lazima atunge kilio.

Watu walicheka. Niliusikia ule mcheko mpaka nafika nyumbani, na leo nikiandika bado nausikia. Nimesamehe, padre ameniuliza nami nimejibu kwamba nimesamehe. Lakini kusamehe hakuondoi masikio.

Wimbo ukakaa kwenye droo ya cherehani pamoja na vifungo miaka mingi.

Mwaka huu, tarehe 21 Mei, ndugu zangu walitaka twende Igoma kwa wingi kidogo kumwombea baba mdogo. Nikawaomba wanakwaya wanisindikize. Mwezi haukuwa upande wetu, ila wale besi wawili waliacha kwenda ziwani usiku ule, na mjue mvuvi akiacha usiku mmoja kaacha hela ya mezani kwake. Tuliimba makaburini, nje ya Misa, hatukuvunja utaratibu wa mtu. Hatukuongeza Aleluya. Ulipoisha hakuna aliyepiga makofi wala kigelegele, na mimi kwa mara ya kwanza sikuwa nahesabu. Watu wengine waliokuja kwenye makaburi ya ndugu zao walikuwa wamesogea bila sisi kujua. Mama mmoja mtu mzima akanishika mkono akaniuliza, "Huu wimbo mlikuwa mmeuficha wapi?" Kijana wa sauti ya tatu alikuwa amerekodi kwa simu, akaurusha, na mengine mnayajua.

Naona fahari? Ndiyo, naona, tena sana. Wiki iliyofuata nilipata ujumbe wa yule mjumbe wa kamati, wa adabu kabisa, anaomba nota kwa ajili ya kwaya yake. Nikamtumia, baada ya kumwacha asubiri kidogo. Mimi ni binadamu.

Turudi kwako sasa, mchoraji.

Wewe unasema ukiguswa utachora. Nani alikufundisha mpangilio huo? Umeanza na kitu kisichokuwa mikononi mwako, ukaacha kilichomo mikononi. Brashi unayo. Rangi ya mafuta unayo, maana vinyozi wa Sengerema wanakulipa. Jicho unalo. Kuguswa huna, na huwezi kukununua dukani. Sasa anza na ulivyo navyo!

Nenda Bujora kwanza. Siku hizi hakuna kisingizio cha kivuko, daraja la Kigongo–Busisi liko wazi tangu mwaka 2025. Unavuka, unapita mjini, unashika barabara ya Musoma mpaka Kisesa. Watu wa Mwanza tumepeleka wageni pale kwenye makumbusho ya Wasukuma na sisi wenyewe hatujawahi kukaa kimya ndani ya kanisa lake. Padre David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, aliianza kazi ile miaka ya 1950, wakati ambao wenzake wengi wangeona ngoma ni ya kuchomwa moto. Kanisa ni la mviringo, linafuata nyumba ya Kisukuma, na alama za utemi, kiti na ngoma, vimepewa Kristo. Mtu asiyejua kusoma anaingia pale anaelewa nani ni mtemi. Hapo mahubiri yamekwisha kabla padre hajafungua mdomo.

Ukiweza nenda mwezi wa sita, wakati wa Bulabo. Sherehe ile ilishikamana na sikukuu ya Ekaristi, na ndipo Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, wanaposhindana kucheza, kila upande na manju wake, yaani kiongozi wa ngoma, kuna wanaocheza na nyoka, kuna bugobogobo na majembe yanayorushwa juu. Wapo wanaosema ile ni sarakasi ya kuvuta watalii. Waache. Mimi ninapowaona wacheza bugobogobo wakiinua majembe kwa pigo moja, namwona bibi yangu, na nakumbuka kwamba kiitikio changu kiliambiwa kina harufu ya shamba.

Ukirudi, chora Njia ya Msalaba. Usianze na vituo vyote 14, utachoka njiani. Anza na cha tano, Simoni wa Kirene.

Nimekuchagulia hicho kwa sababu. Soma Marko sura ya 15. Simoni alikuwa anatoka shamba, anapita zake. Hakuwa mfuasi. Hakuguswa na mahubiri, hatuambiwi kama alimhurumia yule mtu. Askari wakamshurutisha, akabebeshwa. Huenda mawazo yake yalikuwa kwenye chakula cha mchana. Na huyo ndiye aliyeuchukua msalaba wakati Petro, aliyeguswa kuliko wote na kuapa kwa sauti, yuko wapi? Basi kama Simoni aliyelazimishwa ameingia kwenye Injili kwa jina lake, na la wanawe wawili pia, wewe unayelalamika kwamba husikii kitu una tatizo gani?

Na usimchore Simoni wa kwenye kalenda, yule mwenye ndevu za kuchana. Njoo Mwaloni alfajiri magari yanapopakia. Kaa pembeni uwaangalie wabeba mizigo. Angalia gunia la dagaa linavyokaa shingoni, mkono mmoja unavyolishika na mwingine unavyotafuta hewa. Angalia magoti. Chora mkono tu, siku hiyo usichore kingine. Kesho yake chora mkono tena, maana wa jana ulidanganya mahali, na wewe unajua ulidanganya wapi. Huko kurudi ndiko sala. Sikuahidi utalia. Nakuahidi utakuwa umemwangalia mtu mwenye mzigo kwa muda mrefu kuliko ulivyowahi kumwangalia mtu, na kwenye Injili yangu mimi hilo si jambo dogo.

Kwa hiyo, kwako na kwa wengine mnaouliza "siri" ni nini: chukua maneno au habari iliyokwisha kuwepo, usitafute ya kwako. Fanya kidogo kila siku, usikie usisikie. Neno likikaa vibaya, rudi. Mstari ukidanganya, rudi. Kama ulitegemea orodha ndefu samahani, hii ndiyo nimepewa.

Na vijana wa kwaya, kwa kuwa mko hapa na mnasoma, niwaambie na ninyi. Mnanipigia kuniuliza programu gani nzuri ya kuandikia nota, kwa sababu mmesikia Finale walitangaza mwaka 2024 kwamba hawaiendelezi tena. Tumieni MuseScore, ni ya bure, yatosha. Lakini mtu anaifungua kompyuta kabla hajausali ubeti hata mara moja! Anabonyeza, mashine inamwimbia sauti nne kwa vinanda visivyopumua, anaona ametunga. Waimbaji wakija wanaishiwa pumzi kwenye mstari wa pili, kwa sababu kompyuta haina mapafu. Imba kwanza wewe mwenyewe, njiani, ukiosha vyombo, ukiwa kwenye daladala kama hujali kutazamwa. Ukiweza kuuimba ukipanda kile kilima cha Bugando bila kukatika, andika.

Na studio. Mnachanga mamilioni ya albamu na ndugu yenu wa tenori hajalipa ada ya mtoto. Mnarekodi, mnasahihishiwa sauti kwa mashine mpaka hamjitambui, mnasambaza, watu wanaandika "mbarikiwe", basi. Mazoezini mnakuja sita. Mungu anataka albamu? Alisema lini? Na sare! Kila Pasaka sare mpya, kila jubilei sare mpya, kitambaa cha bei, mikono ya vipepeo, na nusu ya kwaya hawajui kusoma mstari mmoja wa solfa. Nasema haya mimi ninayeshona hizo sare na kulipwa kwa hizo sare. Nikisema ziache, naisema riziki yangu. Hela ya sare moja ingemlipa mwalimu wa nota miezi kadhaa. Mkija kushona nitashona, sitawafukuza, lakini mjue ninachowaza wakati nawapima.

Najua kuna watakaosema mwalimu amekuwa mkali tangu video isambae. Nilikuwa mkali tangu zamani, ni kwamba hamkuwa mnanisoma.

Swali la mwisho lililorudiwa na wengi ni la malipo, kama ni halali kupokea hela kwa kazi ya kiroho. Ni halali. Mchoraji ananunua rangi, mpiga kinanda anapanda bodaboda kurudi nyumbani saa tatu usiku. Ukimchorea parokia Njia ya Msalaba, waandikie gharama na usione aibu. Wakikuambia "Mungu atakulipa", waulize kama fundi bati naye walimwambia hivyo. Mimi arusi nalipisha, tena nusu kabla ya mazoezi kuanza. Jubilei nalipisha. Nota za wimbo wa Igoma nawapa bure wote wanaoomba, niandikieni tu mnaimba sauti ngapi na besi wenu wanashuka mpaka wapi, kwa sababu nina nakala ya pili niliyoipandisha kidogo kwa kwaya zisizo na wavuvi.